Vigelegele Kabla ya Jibu

Mama Chumvi, jirani wa ukuta kwa ukuta, anadai ilikuwa hivi. Fundi redio alikuwa kibandani kwake, ameinamia redio ya mteja, bisibisi kaibana kwa meno. Akaunga waya wa mwisho, akaiwasha aone kama imepona. Redio ikakoroma, ikatulia, ikatoa wimbo mpya wa gitaa. Fundi akausikiliza mwanzo hadi mwisho bila kuitoa bisibisi mdomoni. Kisha akazima, akavua aproni, akafunga kibanda na kuondoka, mteja akiwa bado amekaa ndani kwenye benchi.

"Kamfungia mtu ndani!" alisema Mama Chumvi, mikono kiunoni, amesimama mlangoni mwa chumba cha udobi. "Mpaka sasa anagonga, maskini."

"Na hakuna aliyemfungulia?" aliuliza Taratibu, ameshika shuka alilokuwa akilikunja.

"Wewe nawe! Mchumba wako kapotea njia, unauliza habari za mteja? Niulize wimbo."

Jina la Mama Chumvi halikuja bure. Habari ikipita kwake haitoki kama ilivyoingia. Kwa hiyo Taratibu alifanya kama kawaida yake: akamtoa mteja katika habari hiyo, akaitoa na kufuli, akabaki na wimbo na mtu aliyeacha kazi ghafla. Hata hicho kidogo kilitosha kumtia wasiwasi.

"Wimbo unasemaje?"

Mama Chumvi akakohoa kidogo, akaimba kwa sauti yake ya kufukuzia kuku:

*Walishangilia kabla sijasema,*
*vigelegele vikanijibia.*
*Nimevishwa pete kwa furaha ya watu,*
*yangu iko nje, bado inabisha hodi.*

Shuka likamponyoka Taratibu, likaanguka sakafuni penye maji.

Yalikuwa maneno yake. Siku ya posa, fundi redio alimuuliza mbele ya watu kama amemkubali. Hakuwa amemkataa, wala hakuwa amemkubali. Alikuwa hajafika. Yeye ni mtu wa kufika polepole, ndiyo maana toka utotoni wanamwita Taratibu. Alipofungua tu mdomo, ua mzima ukalipuka kwa vigelegele, akavishwa pete, mambo yakaisha. Hayo alimwambia mtu mmoja tu, mchana mmoja wakikunja mashuka, kila mmoja ameshika ncha yake. Alimwambia shangazi.

"Na sauti ni ya shangazi yako," Mama Chumvi alimalizia. "Ile nani asiyeijua?"

Kweli, nani asiyeijua? Shangazi alifua na kunyoosha nguo za watu, na katikati ya kunyoosha alitunga. Watu wa redio walikuwa wakija kumrekodi hapo hapo kati ya mabeseni. Taratibu aliishia shule ya msingi; mengine yote alifundishwa na nyimbo hizo. Kulikuwa na wimbo wa mwanamume aliyejenga nyumba, akagombana na nduguye juu ya upande wa kuweka mlango, ikabaki bila mlango. Huo ulimfundisha kukubali kushindwa katika mambo madogo. Kulikuwa na wa mama aliyeendelea kupakua sahani ya mtoto asiyerudi. Huo Taratibu alikuwa akiuimba akisugua kola, na siku nyingine akilia kidogo, kilio kitamu cha kumlilia mtu usiyemjua.

Shangazi aliingia na furushi la nguo kichwani.

"Shangazi, umeniimba."

"Nimekuimba, mwanangu. Si uliniruhusu?"

"Mimi? Lini?"

Shangazi akatua furushi, akamtazama kama anayetazama doa ambalo aliapa amelitoa. Alikuwa na utaratibu wake, na Taratibu aliujua kuliko mtu yeyote kwa sababu ndiye aliyembebea gitaa. Wimbo haukwenda redioni kabla ya kupigwa mbele ya mwenye habari, gitaa tupu, bila neno hata moja. Shangazi aliamini mtu huitambua habari yake hata ikiwa uchi. Akimpa mpigaji maji ya kunywa, ameruhusu. Asipompa, wimbo unafia hapo.

"Juzi jikoni nilikupigia," alisema shangazi. "Ukainuka, ukanipa maji. Jana ulipotoka kupeleka nguo, wakaja kurekodi."

"Nilikupa maji kwa sababu ulikohoa!"

"Nilikohoa?"

"Ulikohoa mpaka machozi!"

Shangazi akakaa juu ya furushi.

Taratibu naye akakumbuka jambo jingine. Utaratibu aliujua, ila hakuwahi kujiuliza ni wimbo gani uliokuwa ukipigwa ndani ya nyumba ipi. Mara ngapi alisimama nje ya nyumba ya seremala, akingoja shangazi atoke na gitaa? Seremala ambaye hasalimiani na kaka yake. Na yule mama wa duka la vitambaa, aliyetoka siku ile na glasi mkononi, macho mekundu. Miaka yote aliwaimba kama watu wa kutungwa. Kumbe alikuwa akiwaamkia kila asubuhi na kucheza misiba yao kila jioni.

"Mimi sina elimu ya kuwapa watu," shangazi alisema hatimaye, sauti chini. "Nachukua aibu zao, nazifua, nazinyoosha, nawarudishia wazivae bila kuona haya."

"Yangu hukunirudishia mimi, shangazi. Umempelekea mwenzangu avae."

"Hapo umenipata," alisema shangazi.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Fundi redio. Mama Chumvi akanyakua soksi, akaanza kuikunja kwa bidii ya ajabu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

"Sikai. Nimemwacha mteja." Akamgeukia Taratibu. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimtisha zaidi. "Nimeusikia wimbo. Mzuri. Ndicho kinachoniuma, ni mzuri kwa sababu ni kweli. Kazi yangu ni kusikiliza sauti ilipokwama. Siku ile ilikwama mbele yangu, nami nikawa nacheka na watu."

"Baba, kosa ni langu," alianza shangazi, "huyu mtoto—"

"Samahani, shangazi. Wewe umeshasema redioni."

Hakuna mtu aliyewahi kumnyamazisha shangazi kabla ya hapo.

"Nakuuliza upya," alisema fundi redio. "Ukisema hapana, nitamwambia baba yako mimi mwenyewe, na hakuna atakayekusumbua. Ukisema ndiyo, iwe yako. Umenikubali?"

Taratibu alimtazama shangazi. Alimtazama Mama Chumvi. Hakuna aliyemsaidia hata kwa sauti ya kikohozi. Akafungua mdomo, na chumba kizima kikamngojea.

"Naomba unijibu wewe mwenyewe," alisema fundi redio, "hata ukichelewa. Tunangoja."