Aitwe Hawe

Dada yangu Nyamvula alitoka Kaloleni akaja Kiembeni kumlea mjukuu, na haja yake ilikuwa moja: mtoto amwite hawe. Kwetu Wagiriama hawe ni bibi. Na huyu hakuwa mjukuu hivi hivi, alipewa jina la bibi yake, Nyamvula, kama desturi inavyotaka. Mwenye jina na mpewa jina ni mtu mmoja. Baba mtoto, mpwa wangu Felix, alipaswa kumwita binti yake "mame", yaani mama.

Hakumwita. Felix Kigiriama hakijui. Baba yake alivishwa kibao shingoni shuleni kwa kukisema, kama nilivyovishwa mimi, tukazungushwa uwanjani wenzetu wakituzomea. Mimi kibao kile kilinipa hasira. Yeye kilimtia hofu, akaapa mwanawe hatakivaa. Basi tukakivua shingoni, tukakitundika nyumbani.

Mtoto alitimiza miaka miwili hasemi. Mwalimu mkuu wa chekechea akawaambia wazazi kwamba lugha zimemwelemea: Kigiriama cha bibi, Kiswahili cha mtaani, Kiingereza cha shule. Ibaki moja. Maarifa hayo aliyasomea wapi, sijui, ila Agneta, mkewe Felix, aliyapokea kama yameshuka mbinguni. Ikabaki ile ambayo dada yangu hakuwa nayo. Akaombwa, kwa adabu sana, awe ananyamaza mbele ya mtoto.

Akanyamaza. Alimwogesha kimya, akamlisha uji kimya. Nilipowatembelea kutoka Frere Town na kuyaona hayo, nilifoka. Niliuliza ni wapi duniani mlezi anafungwa mdomo. Agneta akanijibu bila kuinua macho, "Mjomba, hapa si mkutano wa hadhara."

Dada mwenyewe alinisindikiza hadi barabarani akanisihi niyaache. Ulimi wa mtoto ukishafunguka, alisema, na hilo neno lake moja litapata nafasi.

Ulimi ukafunguka, na sifa zote zikaenda kwa ile amri. Neno halikupewa nafasi. Siku moja niliwakuta uani, bibi na mjukuu, kikombe kati yao, wanaambiana "mbuu". Hilo ndilo neno la maji kwa watoto wachanga wa nyumba yetu, mama alitulea nalo. Mtoto alikuwa anacheka mpaka mabega yanacheza. Aliponiona, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Sikuwahi kumkaripia mtoto yule hata mara moja. Alikwisha kujua tu kwamba akija mtu, neno linafichwa.

Mwaka jana kiharusi kilimwangusha dada. Kilimwachia maneno machache, yale ya mwanzo kabisa. Jioni moja tumekaa sebuleni, akamtazama mtoto, akasema, "Mbuu."

Felix akaniuliza mama anataka nini. Kabla sijajibu, mtoto alikwisha kwenda jikoni akarudi na kikombe cha maji. Akasimama mbele ya bibi yake, lakini hakumpa. Alimgeukia kwanza Agneta, kisha akasema, "Hatusemi hivyo. Sema wota."

Dada yangu, mwanamke aliyewafunda mabiharusi wa Kaloleni, aliukusanya mdomo wake uliopinda.

"Wota," akasema.

Mtoto akaweka kikombe chini, akampigia makofi kama anavyopigiwa yeye. Agneta akaondoka akaingia chumbani. Mimi ndiye niliyemnywesha maji.

Alifariki kabla ya mvua za masika, hajaitwa. Tulimzika Kaloleni. Baada ya maziko, wanawake wa ukoo wakamjia mtoto mmoja mmoja, wakainama, wakamsalimu, "Hawe." Ndivyo ilivyo kwetu: mwenye jina akiondoka, mpewa jina hukaa mahali pake.

Mtoto hakuitikia hata mmoja. Kila alipoitwa aligeuka akatazama nyuma yake, mlangoni pa nyumba, kisha kule kwenye udongo mbichi, amwone anayeitwa.

"Mjomba," Felix akaniuliza, "anamtafuta nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, maana ndicho tulichobakiwa nacho mimi na yeye.