Koo Mbili za Samaki

Wanafunzi walimwita Mama Samaki, naye hakuwakatalia. Alikuwa mhadhiri wa tabia za wanyama, na sehemu kubwa ya ujana wake ilikuwa imeyeyukia katika chumba kimoja chenye unyevu nyuma ya maabara, akifuga koo mbili za samaki wadogo. Katika kila kizazi cha ukoo wa kwanza alimwachia kambare ajilie, na waliosalimika ndio waliozaa. Ukoo wa pili uliishi raha mustarehe, haukumjua adui. Alitaka kujua kama woga hurithiwa: kama kisamaki ambacho hakijamwona kambare kitakimbia kivuli chake kwa sababu ya yaliyowapata mabibi zake. Jibu lilikuwa limeanza kuchungulia.

Kisha baba yake akafariki. Alikwenda kuzika, na udongo wa kaburi haujakauka akaanza kufunga mkoba. Kaka yake mkubwa akamsimamia mlangoni.

"Hao samaki ndio waliokuzaa?"

"Kaka, mayai yako karibu kuanguliwa. Nisipokuwepo, kizazi kizima kitanipita."

"Haya, nenda. Ila usije siku nyingine kutulilia hapa."

Alisafiri na maneno hayo kama mtu aliyemeza mwiba. Alipofika chuoni alikuta chumba chake kitupu. Matangi madogo yalikuwa yameoshwa, yamepandanishwa ukutani. Samaki wake aliwakuta mapokezi, ndani ya tangi moja kubwa lenye taa za buluu, wote pamoja, wamenenepa, wanazunguka.

Mkuu wa idara alitoka ofisini akitabasamu. Zamani alikuwa mwanafunzi wake, tangu mwaka wa kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu! Pole sana kwa msiba. Umeona tulivyopapendezesha? Wafadhili walikuja ghafla, na kile chumba kinanuka, nikaona aibu."

"Umewachanganya."

"Lakini hakufa hata mmoja. Nilisimamia mwenyewe."

Afadhali wangekufa, aliwaza. Wangekufa, watu wangempa pole.

Alileta ndoo mbili na wavu, akapanda kiti. Mchana kutwa alipitisha mkono juu ya maji: waliokimbia akawatia ndoo hii, waliotulia ndoo ile. Watu walipita, wengine wakacheka. Jua lilipoanza kushuka mkono wake ukasita. Huyu aliyekimbia, ni mwoga wa kuzaliwa au kaogopa wavu tu? Na akiwatenga kwa woga wao, kisha aandike kwamba waoga ni waoga, atakuwa amegundua nini? Akazimimina ndoo zote mbili tangini.

"Mbona unawarudisha?" Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake. "Ulishawatenga vizuri. Endelea hivyo hivyo, Mwalimu. Nani atajua?"

"Hayo nilikufundisha mimi?"

"Ulinifundisha uvumilivu. Makala ikitoka, na jina langu likiwemo, tutafaidika sote."

Mama Samaki alishuka kitini taratibu, maji yakimchuruzika viwikoni. "Wewe nilikuwa nakupa alama za juu," alisema. "Nilisahihisha vibaya."

Alipeleka malalamiko. Kamati ya chuo ilikaa, ikanywa chai, ikaamua kwamba hakuna hasara, kwa kuwa hakuna mnyama aliyekufa. Mkuu alipandishwa cheo. Mama Samaki akapewa madarasa ya mwaka wa kwanza, eti apumzike. Kaka yake alipopiga simu kuuliza kwa kebehi kama watoto wa samaki hawajambo, alijibu hawajambo, akakata.

Muhula mpya ulipoanza alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, akaeleza jinsi viumbe vinavyorithi rangi, umbo, hata wimbo. Binti mmoja wa viti vya mbele akanyoosha mkono.

"Na woga, Mwalimu? Nao hurithiwa?"

Mama Samaki aliitazama chaki iliyokuwa mkononi mwake. Angeweza kuwaambia anachokiamini, na wangemsadiki.

"Sijui," alisema.

Binti akauliza tena, kwa adabu, "Sasa tuandike nini?"

"Andikeni kwamba haijulikani."

Wakainamisha vichwa, wakaandika.