Waya Mnene wa Mke Mwenza

Mtaa mzima hakuna mwanamke anayejua magari kunishinda. Kuendesha sijui, na mwaka juzi niliingia gari la jirani nikidhani ni letu, nikamsubiri mume wangu humo nusu saa. Lakini pampu ya mafuta naijua, maana mume wangu, fundi umeme mstaafu, hunisimulia habari zake tangu chai ya asubuhi.

Gari lake la mashindano ni jekundu, milango miwili, linalala uani chini ya turubai jipya. Mimi naliita mke mwenza. Lenyewe linasuguliwa kwa sifongo laini. Mimi mgongo najisugua mwenyewe.

"Linakosa pumzi," aliniambia. "Nikikanyaga mafuta, pampu inadai umeme mwingi, na waya wa kiwandani ni kama uzi. Volti kumi na tatu zinaondoka kwenye betri, kumi ndizo zinazofika."

"Ugonjwa wa taa yangu ya jikoni huo."

Taa yangu inatumia betri ya sola, na waya wake ni mwembamba vilevile. Miezi saba namwomba aubadilishe. Napika kwa kupapasa.

"Zamu yako itafika, mama watoto."

Zamu! Kumbe kweli nina mke mwenza.

Akanunua waya mnene kama kidole changu cha mwisho. Mtu asiyeweza kuinama kuokota ndara, akalala chali chini ya gari siku mbili! Akauvuta kutoka kwenye betri, akatia fyuzi, akaufikisha nyuma kwenye rilei, kidude cheusi kama kiberiti, akakificha chini ya kiti.

"Waya wa zamani sasa unabisha hodi tu," akasema, macho yanang'aa kama siku aliyokuja kuniposa. "Rilei inafungua mlango, mnene unabeba mzigo."

"Na jikoni?"

"Waya umekwisha, mke wangu. Haki ya nani, hata shubiri haikubaki."

Jumamosi lilikuwa lipelekwe uwanjani kupimwa mbio. Ijumaa akaenda kunyoa. Kunyoa, kwa ajili ya gari! Mimi hajaninyolea tangu harusi ya binti yetu. Roho ikanichemka. Nikainua kiti cha nyuma, nikaing'oa rilei, nikaitia mfukoni mwa aproni.

Na hapo kando yake nikauona: waya ule ule mnene, mwekundu, umekunjwa vizuri, si chini ya mita sita. Nikasema, akirudi leo namchana. Kisha nikajiuliza, nitasema nimeuonaje? Nikayameza maneno yangu.

Asubuhi akazungusha ufunguo, akatega sikio asikie pampu ikivuma. Kimya. Akazungusha tena. Kimya.

"Umeligusa gari langu?"

"Mimi? Hata turubai sijaligusa. Labda limenuna."

Akajifuta jasho kwenye kichwa chake kipya. Nikaona nimshike akiwa bado mnyonge.

"Basi kwa kuwa huendi popote, nifungie taa yangu leo."

"Nitafunga kwa waya gani, mwanamke? Si nilikwambia umekwisha? Naapa mbele yako, hata kipande..."

"Mwongo mkubwa! Mita sita nzima umezikunja chini ya kiti cha nyuma!"

Akateremka garini taratibu. Akaitazama aproni yangu, mfuko ulipotuna.

"Enhe," akasema. "Na chini ya kiti cha nyuma ulifuata nini, bibie?"

"Nilikuwa... natafuta chumvi."