Bushi za Mama Vumbi

"Umetuchakachulia!" Kifaru, mwenye mkokoteni, aliibamiza bushi mezani, ikadunda na kuangukia miguuni kwa Mama Vumbi. Alikuwa ameipasua kwa shoka ili apate ushahidi. Ndani, badala ya weupe wa plastiki, mlikuwa na kijivu cha unga wa mawe. "Plastiki na mawe, wapi na wapi?"

Bushi ndiyo hukaa kati ya gurudumu na ekseli. Ikilika, mkokoteni huyumba kama mlevi. Kifaru aliishi kwa mkokoteni wake.

"Ndiyo, nimechanganya," alisema Mama Vumbi. "Ungeniuliza ningekuambia. Shoka la nini?"

Shemeji yake Mama Vumbi, mwenye karakana hiyo, alikwisha kulowa jasho. Mtaani pale, muuza mafuta alifunga duka kwa sababu ya neno hilo moja, kuchakachua. "Shemeji, nakuomba. Yeyusha plastiki tupu kama zamani."

"Tupu inalika kama sabuni."

"Na mchanga wako je? Si ulitafuna ekseli ya watu?"

Hapo shemeji alimpata. Mwanzoni Mama Vumbi alitia mchanga kweli, na mchanga ukakwangua chuma. Ila kosa si kilema. Siku hizi alitwanga jiwe laini linalokwaruzika kwa ukucha, akalichekecha kwa kitambaa, kisha akaukaanga unga sufuriani mpaka mvuke uishe, maana unyevu hutia mapovu ndani ya bushi.

"Kifaru, kushoto tia ya shemeji, kulia tia yangu. Beba sementi mpaka mvua zije. Yangu ikitangulia kuisha, naondoka hapa kwa miguu yangu."

"Na yake ikitangulia?"

Shemeji akakohoa.

Mvua zilipoanza, Kifaru alirudi na gurudumu la kushoto likichezacheza. Shemeji akazichomoa bushi zote mbili. Ya kushoto tundu lake lilikuwa limevutika kama yai. Ya kulia lilikuwa duara bado, na ekseli iling'aa bila mkwaruzo. Mama Vumbi alifurahi hata akasahau kuringa.

"Inadumu," shemeji alikiri, akizirudisha mahali pake. "Lakini lisemwalo lipo, ndivyo watu watakavyosema. Tunabaki na plastiki tupu."

"Hata baada ya kuona?"

"Hata baada ya kuona."

"Basi wewe linda jina, shemeji. Mimi natengeneza bushi." Mama Vumbi akabeba kinu, sufuria na chekecheke lake la kitambaa, vitu alivyonunua mwenyewe, akavitoa nje. "Kifaru, una nafasi?"

"Pakia, mama. Ila huku kushoto kutatuaibisha njia nzima."

"Kutuaibisha sisi? Hiyo si bushi yangu."

Wakashika njia. Yeye alitembea upande wa kulia, uliokuwa kimya. Gurudumu la kushoto lililia kama mbuzi, watu wakatoka milangoni kutazama, na Mama Vumbi akawapungia mkono mmoja mmoja.