Blanketi la Shosho Karambu

Mimi sina ugomvi na kuku. Nawafuga mwenyewe hapa Siakago, na wazee wetu hula mayai yao. Ugomvi wangu ni na Mwirigi, na nikimaliza kusimulia utaniambia kama nakosea.

Mimi na mume wangu Njoka tunatunza wazee nyumbani kwetu. Tulianza na mama yake alipopooza, jirani akatuletea baba yake, na hivyo hivyo mpaka vyumba vikajaa. Watu wanasema tumegeuza wazazi wa wenyewe kuwa biashara. Waseme. Wengi wa hao wasemaji hunipigia simu kwa siri kuuliza kama kuna kitanda. Anayeshindwa kumtunza mzazi wake simlaumu, maana kazi yenyewe naijua. Namlaumu anayedanganya.

Shosho Karambu aliletwa kutoka Muthara na mwanawe Mwirigi, alipovunjika nyonga. "Ni ya muda tu, madam," Mwirigi aliniambia. "Nyumba yake inavuja vibaya. Nikimaliza paa, namrudisha." Shosho alikuja na begi moja, na hakulifungua lote. Nyonga ikapona, akawa anatembea na fimbo, anachambua mboga na kunisuta kwamba sisi watu wa Mbeere tunaonea chumvi huruma. Kila Jumapili baada ya maombi aliniuliza, "Rwamba, paa limefika wapi?" Nami nampigia Mwirigi. Fundi amesafiri. Mabati yamepanda bei. Mvua imeanza. Miaka mitatu! Hata paa la kanisa letu, lenye kamati, liliisha mapema kuliko hilo.

Basi mwaka huu Mwirigi akaja mwenyewe, na gari, na gauni jipya la mama. Bintiye Ntinyari, mwalimu huko Lodwar, alikuwa anatolewa mahari. Mama yake Ntinyari alifariki mtoto akiwa mchanga, na Shosho ndiye aliyemlea. Kwa hiyo lile blanketi ambalo wakwe humletea mama wa bibi harusi lilikuwa la Shosho. Lazima alipokee kwa mkono wake, awabariki vijana, ndipo shughuli iendelee. Ndiyo maana ghafla mama akakumbukwa.

Shosho alifungasha kila kitu. Kikombe, Biblia, mpaka kamba yake ya kuanikia nguo. Akawaaga wenzake mmoja mmoja. Nikamvuta Mwirigi kando. "Paa limeisha?"

"Madam, hiyo tutaongea. Leo tuna function."

Nikapanda gari pamoja nao, kwa sababu Shosho ana presha na hasafiri bila mtu wa kumwangalia. Moyo wangu ulikuwa unachemka.

Kule Muthara hema zilikuwa zimejaa. Shosho alikaa mbele, gauni likimetameta, na Ntinyari akaja kumpigia magoti huku analia kwa furaha. Nyumba ya Shosho, ya mbao, aliyoijenga kwa jasho lake, ilikuwa pale pale nyuma ya hema. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia.

Msemaji wa wakwe, Mzee Ishmael, akamfunika Shosho blanketi mabegani. Lilikuwa zito, jekundu, la kupendeza. "Mama, umetulelea mke. Tubariki sasa tule."

Shosho akasimama na fimbo yake. "Asanteni. Lakini blanketi ni la kitandani. Ngojeni nikalitandike kwanza, halafu nitawabariki nikiwa nimetulia."

Wamama wakapiga vigelegele na kumfuata wakiimba. Mwirigi akakimbia mbele. "Mum, wacha hiyo! Baadaye!"

Mlango ulikuwa na kufuli. "Hii si yangu," alisema Shosho. Ntinyari akanyoosha mkono kwa baba yake, watu wote wakitazama, mpaka akapewa ufunguo. Njia ya mwongo ni fupi.

Kuku. Kuku wa nyama, weupe, ukuta kwa ukuta, na balbu za joto zinawaka mchana. Wimbo ukakatika. Kitanda cha Shosho kilikuwa kwenye kona, kimepangwa magunia ya chakula chao. Yeye hakutazama kitanda. Alitazama juu, akakagua bati moja baada ya lingine.

"Paa ni zima," alisema.

"Mum, ni project ya muda tu," Mwirigi akasema. Maneno yale yale! Nilitaka kumzaba kofi mbele ya wakwe, na Mungu anisamehe, bado nataka.

Shosho akakunja blanketi, akamrudishia Mzee Ishmael. "Mniwekee. Nikipata kitanda mtaniletea, na baraka mtazichukua siku hiyo."

Mwirigi akamgeukia bintiye amtetee. Ntinyari akamshika Shosho mkono. "Mimi siolewi bila hiyo baraka, Dad. Utajua wewe na kuku wako."

Wakwe wakaondoka bila kula. Shosho akarudi nami Siakago, akatundika kamba yake ya nguo palepale ilipokuwa, na Jumapili ile hakuniuliza kuhusu paa. Hilo ndilo lililonitoa machozi.

Wiki iliyofuata Ntinyari akaja kumchukua, nami nikaenda nao Muthara. Tulimkuta Mzee Ishmael akingoja mlangoni na blanketi. Nyumba ilikuwa imesuguliwa na kupakwa rangi, Shosho akatandika kitanda chake, akalinyoosha blanketi pembe zote, ndipo akawabariki vijana. Nikafurahi, nakwambia kweli. Kisha nikatoka nje, nikaona upande wa pili wa boma banda jipya la kuku, la mabati yanayong'aa, lenye stima na maji ya mfereji. Nikamuuliza jirani lilijengwa lini.

"Jumatatu mpaka Jumatano," akasema. "Mwirigi alisimama na mafundi mpaka wakamaliza. Hataki utani. Kuku wake hawakulala nje hata usiku mmoja."