Sheria Isiyo na Tarehe

Jumanne, tarehe sita ya mwezi wa pili, saa nne kasorobo asubuhi, mkanda wa mashine ya kusaga ulidaka upindo wa gauni la mke wa fundi bati. Kabla mtu hajaifikia swichi, mambo yalikuwa yamekwisha. Waliokuja kumpa fundi pole ya msiba walimwambia siku ya mkewe ilikuwa imefika. Fundi hakulikubali neno hilo. Siku ile haikufika kwa miguu yake, alisema. Ilisukumwa, na waliosukuma walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuzunguka.

Mkewe alisaga unga pale miaka kumi na moja. Mkanda ulikuwa wazi tangu mwanzo, basi wasagaji wenyewe waliokota ubao, wakaukata kwa jicho, wakaufunga kwa kamba mbele ya mkanda. Haukupendeza, lakini ulizuia nguo. Ijumaa kabla ya ajali redio ikatangaza kuwa bunge limepitisha sheria na imeshatiwa saini: kila mashine yenye mkanda ifunikwe kwa chuma. Kinuni watu walipiga vigelegele. Mwenye mashine akampa fundi kazi hiyo siku ya pili yake.

Fundi alifanya kama anavyofanya siku zote. Yeye si mtu wa rula. Huchukua kitu cha zamani, hukilaza juu ya bati na kukifuatisha kwa chaki. Jioni, kinu kilipofungwa, aliufungua ule ubao, akaubeba begani mpaka karakana, na Jumapili akakata upande wa kwanza. Jumatatu mwenye mashine akamtumia salamu: asubiri kwanza, maana amesikia sheria bado haina tarehe. Fundi akaweka mkasi chini. Ubao ukabaki umeegemea ukuta wa karakana.

Ofisi ya kazi ilituma mkaguzi, kijana wa viatu safi, na baada ya wiki tatu ikatoka karatasi. Fundi aliishia darasa la tatu, kwa hiyo alisomewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Chanzo cha ajali: uzembe wa marehemu. Akamwomba arudie. Akamwomba tena. Mwanamke aliyefagia kinu kabla ya kuanza kazi na kukifagia tena kabla ya kuondoka, leo anaitwa mzembe na mtu asiyejua hata sauti yake.

Tangu hapo fundi hakutaka kingine chochote isipokuwa neno hilo moja lifutwe.

Alikwenda ofisini mara nne. Mara tatu aliambiwa mhusika hayupo. Mara ya nne karani, mama wa makamo aliyevaa miwani yenye mkono uliofungwa uzi, alimvutia kiti na kumweleza taratibu. Sheria hutungwa, husomwa, hujadiliwa, hupitishwa, hutiwa saini, huchapishwa kwenye gazeti la serikali. Kisha waziri huandika siku ya kuanza kutumika. Hii aliiandikia tarehe mosi ya mwezi wa sita. Ajali ilitokea mwezi wa pili, hivyo mwenye mashine hakuvunja kitu.

"Mama, kwetu ukisema chakula kimeiva, watu wananawa mikono," fundi alisema. "Ninyi mnatangaza kimeiva, halafu mnafunga mlango wa jikoni miezi minne."

Karani alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alisema yeye hana uwezo wa kufuta, ila barua anaweza kuipokea na kuigonga muhuri, na barua yenye muhuri lazima ijibiwe.

Jioni ile shemeji alikaa mezani na kalamu. Alikuwa na ulimi wa upupu, na barua aliitaka iwachape kuanzia mstari wa kwanza. Fundi akasema, shemeji akaandika: miaka kumi na moja, redio, salamu za Jumatatu. Halafu fundi akautazama mkono wake.

"Andika kwamba ubao niliutoa mimi."

Kalamu ilisimama. Shemeji alikuwa amedhani, kama wote, kwamba kamba ilikatika. Alimuuliza kwa sauti ya chini kama anajua anachosema, maana wakiliona hilo watamshika yeye badala ya mwenye mashine.

"Wanishike. Niliutoa na sikuurudisha, kwa sababu niliwaamini waliotangaza. Dada yako hakuzembea, Shemeji. Kama kuna mzembe, waanze na mimi, lakini wasiishie kwangu."

Shemeji alilia bila sauti, akafuta karatasi kwa kiganja isilowe, akaandika. Fundi alimwomba asome yote, kisha akamwongezea maneno ya mwisho, polepole ili asikosee.

Asubuhi karani aliisoma barua akiwa amesimama. Alipofika chini alivua miwani. Aliigonga muhuri, akaiweka kwenye faili. Mvua za mwaka ule zilikwisha, za mwaka uliofuata zikaja, na fundi bado anapita pale kila Jumatatu kuuliza kama mstari ule wa mwisho umepata wa kuujibu:

"Langu nimelikiri. Ninyi je, sheria ile ilipokuwa tayari na mke wangu angali hai, ilikaa kwenye meza ya nani ikisubiri tarehe?"