Koti la Gyuri

Kemunto alimwahidi Mama Klara jambo moja tu: kila neno lake litafika kama lilivyo, bila kutiwa sukari. Walikuwa katika chumba cha kufulia nguo, chini ya jengo lao la ughaibuni, pale barabara ya Bathurst, ambako urafiki wao ulianzia. Mama Klara, Myahudi wa Budapest, alikuwa amefikisha miaka tisini bila kusimulia mbele ya watu mambo ya utotoni mwake. "Watu hupenda kulainisha," alisema huku akikunja shuka. "Mkilainisha, nitanyamaza."

Jumapili Kemunto akampeleka kanisani kwake akasimulie. Ibada yao ya Kiswahili hufanyika katika ukumbi wa kukodi huko North York: Wakenya wengi, Wakongo kiasi, na akina nyanya waliokuja kutembelea wajukuu. Pale hakuna mgeni anayesimama kusema Kiingereza bila mkalimani ubavuni, hata kama nusu ya ukumbi huota kwa Kiingereza. Mkalimani siku hiyo alikuwa Kemunto.

Aliyepanga ratiba ni Mzee Derek, mzee wa kanisa, mtu ambaye ukimpa maikrofoni umeiaga. Alimweka Mama Klara kwenye kipindi cha ushuhuda, kati ya dada aliyepata karatasi za ukaaji na jamaa aliyefaulu mtihani wa udereva. Kipindi hicho kila mtu anakijua kinavyokwenda. Uliugua ukapona, ulikwama ukafunguliwa, watu wanapiga makofi na kinanda kinaingia. Hakuna aliyejiuliza kama kisa cha Mama Klara kina pa kupigia makofi.

"Walioanza kutubagua hawakuwa askari," Mama Klara alisema, na Kemunto akatafsiri. "Mwalimu alinihamishia dawati la nyuma. Muuza maziwa akaacha kumsalimu mama. Mwaka 1944 Wajerumani wakaingia, tukashonewa nyota ya njano kifuani, alama ya Wayahudi. Novemba tukaambiwa tuhame. Siku hiyo akaja jirani yetu, Marta, aliyezoea kumpakata mdogo wangu Gyuri. Akaomba mto wa manyoya, akapewa. Kisha akamvua Gyuri koti, pale pale mlangoni. Mtoto wa miaka minne. Akasema, huko mwendako atapewa jingine. Alikuwa anatabasamu."

Kemunto alilitafsiri hata lile tabasamu. Risasi za askari angezielewa. Lakini huyu mama aliyepakata mtoto, akamvua koti kwenye baridi huku akitabasamu, huyu alimtia kinyaa.

"Mimi nilifichwa na masista," Mama Klara aliendelea. "Walikuwa wakipokea wasichana tu."

Kabla hajavuta pumzi, Mzee Derek alikuwa keshasimama. "Masista walimficha! Bwana asifiwe!" Amina zikamiminika, kinanda kikalia. Mama Klara akangoja mpaka kikanyamaza.

"Sijamaliza," alisema. "Mama na Gyuri walichukuliwa wiki hiyo hiyo, wakapigwa risasi kando ya mto. Kama ni Mungu aliyenificha mimi, niambieni, Gyuri alimkosea nini?"

Kemunto akalitafsiri lote. Mzee Derek aliona kipindi chake kinamfia mikononi, akakohoa, akainamia maikrofoni na kusema kwa Kiswahili, akicheka:

"Wayahudi bwana! Miaka themanini na bado anadai koti. Hawa watu na mali!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hilo ndilo lililomchefua Kemunto kuliko yote. Waliocheka aliwajua. Wamo waliofukuzwa makwao katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, wakamwona jirani akibeba mabati ya nyumba yao kichwani kabla moto haujazimika. Wamesimulia wenyewe, papa hapa, wakalia. Leo wanacheka na meno yote nje. Aliwatazama kama mtu aliyekuta funza kwenye chakula alichokwisha kula nusu.

"Wanacheka nini?" Mama Klara aliuliza.

Wamaitha, mwenyekiti wa akina mama, akamvuta Kemunto sketi kutoka kiti cha mbele. "Achana nayo, my dear. Mwambie tumefurahi kuwa naye."

"Ndiyo, sista, mwambie hivyo," alisema Mzee Derek. Na huyu ndiye aliyempokea Kemunto uwanja wa ndege, akamtafutia chumba cha kwanza. Kemunto alijua akimkaidi atasimangwa kwa chumba hicho mpaka kaburini.

Akamgeukia Mama Klara, akamtafsiria utani ule neno kwa neno, kwa sauti, maikrofoni ikiwa wazi.

"Ah, sista! Si ulikuwa mzaha tu!" Mzee Derek alilalamika.

Mama Klara hakulia. "Marta naye alikuwa mcheshi sana," alisema. "Mwambie sidai. Lile koti halikuwa na bei. Mama alilishona kwa kitambaa cha gauni lake la harusi, tulipokatazwa kununua nguo."

Kemunto akatafsiri. Kisha akatafsiri tena, maana mara ya kwanza Mzee Derek alikuwa akitazama simu yake.